Difu Inayovuja: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Sili, Kisha Usome Lebo ya Oili

Tone la oili nyeusi likionekana chini ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ushauri huja wa aina mbili. Wa kwanza: badilisha sili. Wa pili: weka oili nzito zaidi, itaacha kuvuja yenyewe. Ule wa kwanza ni nusu ya kazi. Ule wa pili unaweza kuua difu iliyokuwa nzima. Sili ni pete ya mpira na chuma chembamba inayozuia oili isitoke pembeni ya shafti, na ni nadra kufa kifo chake yenyewe. Mara nyingi kuna kitu kilichoiua. Ukiiweka mpya na muuaji yumo humo humo, baada ya wiki chache utakuwa tena chini ya gari.

Ili kumjua muuaji, inafaa kuona oili inavyotembea mle ndani. Propela shafti, ile ndefu inayotoka giaboksi, huzungusha flenji (bamba la kuifungia kwa bolti) iliyo mbele ya difu, flenji huzungusha pinioni (gia ndogo), pinioni huzungusha krauni (gia kubwa), na krauni hugawa mzunguko kwa hafshafti mbili zinazoelekea kwenye magurudumu. Hakuna pampu. Krauni imezama kwa chini kwenye oili, na ikizunguka huichota na kuirusha juu. Sehemu ya oili hiyo huangukia kwenye mfereji uliochongwa ndani ya kasha, ikateremka hadi kwenye beringi za pinioni. Beringi hizo mbili ndizo zinazoumia mapema zaidi oili ikipungua au ikiwa nzito kupita kiasi, na mbele yake tu ndipo ilipo sili ya pinioni.

Kwa hiyo mahali pa kuvujia hapazidi sita: sili ya pinioni, sili za hafshafti kila upande, gasketi ya kifuniko cha nyuma au ya kichwa cha difu, plagi ya kujazia, plagi ya kumwagia, na kipumulio (njia ya hewa iliyo juu ya ekseli). Mara chache sana kasha lenyewe huwa limepasuka, hasa pale mrija wa ekseli ulipochomelewa.

Hakikisha kwanza kuwa ni difu

Upepo unaopita chini ya gari husukuma kila kitu nyuma. Oili ya injini au ya giaboksi inayovuja mbele huweza kulowanisha difu yote na kuifanya ionekane na hatia. Pua husaidia kuliko macho: oili ya difu ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Oili ya breki ni nyepesi, haina harufu hiyo, na huchubua rangi ya chuma. Tofauti hii ina uzito upande wa ndani wa gurudumu la nyuma, kwa sababu silinda ya breki iliyochoka na sili ya hafshafti iliyochoka huacha michirizi inayofanana.

Osha ekseli nzima kwa dizeli na brashi au kwa dawa ya kuondoa grisi, suuza, kausha. Usielekeze maji ya mashine moja kwa moja kwenye kipumulio wala kwenye mdomo wa sili. Kisha paka poda nyeupe au vumbi la chaki sehemu zote unazozishuku, endesha kilomita 15 au 20 mpaka difu ipate joto, rudi uangalie. Poda itakuonyesha njia ya oili kuanzia pale ilipochomoza.

Umbo la uchafu nalo linasema. Oili iliyorushwa kwa duara kwenye sakafu ya gari juu ya pua ya difu imetoka sili ya pinioni, maana flenji inazunguka na kuitawanya. Michirizi inayoanzia katikati ya gurudumu kwenda pembeni ni ya hafshafti. Ukingo wa chini wa kifuniko ukilowa huku juu pakavu, shuku gasketi. Na oili iliyo juu ya mrija wa ekseli, mahali ambapo haiwezi kupanda yenyewe, imetemwa na kipumulio.

Kuna difu zinazotoka jasho tu: utando wa vumbi lililoshika unyevunyevu kuzunguka sili, bila tone. Hiyo si dharura. Angalia kiwango cha oili kila unapofanya sevisi na uendelee na maisha. Tone linaloning'inia likirudi kila siku ndilo la kushughulikiwa.

Kipumulio, kitu kidogo kinacholaumiwa mwisho

Hiki ni kikofia kidogo cha chuma au mpira wa bomba juu ya ekseli, na kazi yake ni kuruhusu hewa itoke na kuingia. Hewa iliyofungiwa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 90 za Selsiasi, shinikizo lake huongezeka kwa karibu robo. Oili nayo hutanuka, lita 2.5 huongezeka kwa zaidi ya mililita 100 katika joto hilo. Kipumulio kikizibwa na tope, vyote hivyo hutafuta njia, na njia rahisi ni mdomo wa sili. Sili ya difu haikuundwa kushindana na shinikizo. Imeundwa kukwangua oili inayorushwa juu ya chuma kinachozunguka, basi.

Upande wa pili wa hadithi hiyo hiyo ni maji. Difu yenye moto ikitumbukia ghafla kwenye mto, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Kama kipumulio kimeziba, itavuta kupitia sili. Kama kiko wazi lakini kimezama, kitavuta maji moja kwa moja. Ndiyo sababu magari yanayopita kwenye maji hurefushiwa mpira wa kipumulio hadi juu ya chesisi.

Kipime kwa kukizungusha kikofia kwa vidole: kinapaswa kucheza. Kitoe, kioshe kwa petroli, kipulizie. Kikigoma, nunua kingine. Fanya hivi kabla ya kugusa sili yoyote, na hata kama umeshaamua kubadilisha sili, kifanye pia. Wakati uko hapo, fungua plagi ya kujazia gari likiwa limesimama sawa. Oili ikimwagika kwa wingi, mtu alijaza kupita kiasi, na huenda umeshapata chanzo bila kununua kitu.

Sili ya pinioni: hapa ndipo watu huharibu difu

Kabla ya kufungua chochote, shika flenji na uisukume juu na chini, kisha ivute na kuisukuma kama unayetaka kuitoa. Mchezo kidogo wa kuzunguka ni wa kawaida, ni nafasi kati ya meno ya pinioni na krauni. Mchezo wa juu na chini au wa kuingia na kutoka si wa kawaida hata kidogo. Beringi zimekwisha au zimelegea, na hakuna sili itakayodumu kwenye shafti inayoyumba. Kagua pia krosi za propela shafti, vile viungo vyake vya msalaba. Krosi iliyolegea hutikisa flenji na kuila sili taratibu.

Sasa usalama, na hapa kuna mtego. Propela shafti ikishafunguliwa, gia haishiki gari tena, na wala P ya otomatiki haishiki. Yapo magari, baadhi ya Land Rover miongoni mwao, ambayo breki ya mkono iko kwenye propela shafti karibu na giaboksi ya usambazaji (inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma). Ukifungua shafti umeondoa na breki hiyo. Ukitoa drami za nyuma, ile ya kawaida nayo imekwenda. Weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na gari likae juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu.

Fungua plagi ya kujazia kwanza, halafu ya kumwagia. Mpangilio huu una sababu yake: ukimwaga oili kisha ukakuta plagi ya kujazia imeshika kutu haifunguki, utabaki na difu tupu na gari lisiloweza kwenda kokote. Ukimaliza kumwaga, weka alama ya rangi au panchi kati ya propela shafti na flenji ili virudi vilivyokuwa, ondoa bolti, na uifunge shafti juu kwa waya. Isiachwe ikining'inia kwa krosi zake.

Toa magurudumu na drami za nyuma ili breki zisikwamishe vipimo. Kinachopimwa ni mkazo wa beringi za pinioni, yaani nguvu inayohitajika kuizungusha flenji mfululizo. Toki renchi ndogo ya kipimo cha chini ndiyo kifaa chake. Usipokuwa nayo, funga uzi kuzunguka flenji na uuvute kwa mizani ya springi: uzi ukiwa umbali wa sentimita 5 kutoka katikati na mizani ikasoma kilo 2, mkazo ni karibu Nm 1 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Soma namba ya flenji inapokuwa ikizunguka. Ile ya kuanzia huwa kubwa zaidi na haihesabiwi. Andika namba hiyo. Kisha piga alama kwenye nati, kwenye ncha ya pinioni na kwenye flenji, na uhesabu nyuzi za shafti zilizochomoza nje ya nati.

Sababu ya uangalifu wote huu ni spesa. Kati ya beringi mbili za pinioni, difu nyingi zina bomba jembamba la chuma lililoundwa kubonyea nati inapokazwa. Likishabonyea halirudi. Ukiikaza nati kuliko ilivyokuwa, bomba hubonyea zaidi, beringi hubanwa, hupata moto na kufa. Na kulegeza nati baada ya kupitiliza hakusaidii chochote, kwa kuwa spesa imeshafupika na beringi zitabaki huru. Dawa yake ni spesa mpya na kazi kuanza upya. Ndiyo maana bunduki ya upepo haina nafasi katika kukaza nati hii, japo kufungulia inaruhusiwa.

Difu nyingine zina spesa ngumu yenye shimu, yaani vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi. Hizo ni rahisi: nati hukazwa kwa toki ya kitabu, mara nyingi zaidi ya Nm 200, na shimu ndizo zinazoamua mkazo. Jua yako ni ipi kabla ya kushika spana.

Nati kama imegongwa ukingo wake ndani ya mfereji wa shafti, inua ukingo huo kwa panchi. Ishike flenji kwa chuma kirefu kilichofungwa kwa bolti mbili, fungua nati, na uivute flenji kwa pula. Nyundo itapinda flenji au kutia alama kwenye beringi.

Flenji ikiwa mkononi, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapogusa. Mstari unaong'aa si tatizo. Mfereji unaoshika ukucha ni tatizo, na pengine ndio umekuwa ukivujisha tangu mwanzo. Sili mpya ikikaa kwenye mfereji ule ule itavuja siku hiyo hiyo. Una njia tatu: flenji mpya, ala nyembamba ya chuma inayovishwa juu ya sehemu iliyolika, au kuikalisha sili milimita moja au mbili tofauti na ilivyokuwa ili mdomo uguse chuma kizima, ikiwa kasha linaruhusu. Msasa laini wa 600 unaweza kutumika kusafisha kutu kidogo, lakini usugue kwa kuzunguka tu. Mikwaruzo ya kwenda mbele na nyuma huwa njia ya oili.

Ng'oa sili ya zamani bila kukwaruza kiti chake. Nyuma yake kwenye difu nyingi kuna sahani ya kutupia oili. Angalia imekaaje na uirudishe hivyo hivyo. Linganisha sili mpya na ya zamani kwa namba tatu zilizoandikwa juu yake: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene kwa milimita. Kisha tazama mpira wenyewe. Nitraili, mpira wa kawaida wa sili, hustahimili joto la karibu nyuzi 100, ambalo difu inayovuta mzigo mlimani inaweza kulifikia. Kama sili ya FKM, mpira unaostahimili joto zaidi, inapatikana kwa kipimo chako, ni ya kuchukua bila kusita.

Upande wenye springi ndogo huangalia ndani, kwenye oili. Paka mdomo oili ya gia. Sili iliyofungwa kavu huungua katika dakika zake za kwanza za kazi. Ukingo wa nje ukiwa umefunikwa mpira, ingiza kama ulivyo; ukiwa chuma kitupu, paka silikoni utando mwembamba. Igonge kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana na ukingo wake, kidogo kidogo kuzunguka, mpaka ikae sawa pande zote. Iliyokaa upande huvuja, haina mjadala.

Kabla ya kurudisha nati mpya, paka silikoni kidogo kwenye meno ya ndani ya flenji upande wa nati na chini ya washa. Oili hupenya kupitia meno hayo na kutokea katikati ya flenji, na mafundi wengi wamebadilisha sili mara mbili kwa uvujaji ambao haukuwa wa sili kabisa. Kaza nati hatua kwa hatua, kila hatua zungusha flenji mara kadhaa ili beringi zikae, kisha pima. Alama zako zikikaribia kukutana, punguza hatua. Unalenga namba uliyoiandika pamoja na nyongeza ndogo, takriban Nm 0.3 hadi 0.5, kwa ajili ya msuguano wa sili mpya. Ukifika, acha. Gonga ukingo wa nati kwenye mfereji kama ilivyokuwa.

Hafshafti, na kwa nini zinahusu breki

Sili ya hafshafti ikivuja, oili huishia kwenye breki. Shuu zilizolowa hazioshwi zikarudishwa. Nyenzo yake hunyonya oili na kuitoa tena ikipata moto, na gari litavuta upande mmoja wakati ule ule ulipoihitaji breki. Badilisha shuu za pande zote mbili.

Jinsi shafti inavyotoka hutegemea aina ya ekseli. Katika pikapu nyingi za Kijapani, beringi imebanwa juu ya shafti kwa pete ya chuma, na yote hushikwa na bamba lenye nati nne nyuma ya sahani ya breki. Ukifungua nati hizo shafti huvutwa nje kwa nyundo ya kuteleza. Beringi ikihitaji kubadilishwa, pete ile haitumiki mara ya pili, na kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya kukandamizia. Katika ekseli nyingi za Kimarekani, shafti hushikiliwa na klipu yenye umbo la C ndani ya difu, hivyo lazima ufungue kifuniko cha nyuma na kutoa pini ya gia ndogo. Kwenye malori na magari makubwa ya kazi, shafti haibebi uzito wa gari: unafungua bolti za flenji yake nje ya habu na kuivuta hata gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake. Huko sili iko nyuma ya habu, na ikiharibika oili huosha grisi ya beringi za habu, kwa hiyo beringi hizo zioshwe na kutiwa grisi upya.

Kosa la kawaida hutokea wakati wa kurudisha. Shafti ni nzito, mikono imechoka, na meno yake makali yanaburuzwa juu ya mdomo wa sili mpya. Ibebe katikati ya tundu hadi meno yapite. Pia kabla ya kufungua, shika gurudumu lililoinuliwa juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi ndiyo iliyoua sili.

Difu zenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea hazina mrija wa ekseli. Sili zake ziko ubavuni na shafti fupi huchomolewa kwa kubanduliwa na vyuma viwili kwa pamoja. Kanuni za sili ni zile zile.

Vifuniko na plagi

Kifuniko cha bati hupindika bolti zinapokazwa kupita kiasi, na kila tundu huinuka kama kikombe kilichogeuzwa. Kigonge kiwe bapa juu ya meza, kwangua gasketi ya zamani yote, futa nyuso mbili kwa dawa ya kusafishia breki. Tumia gasketi au silikoni, chagua moja. Silikoni iwe uzi mmoja wa milimita 3 hadi 5 unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, usikatike popote. Funga mara moja, kaza kwa mpangilio wa kupishana, kwa kawaida kati ya Nm 30 na 45, na uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia oili. Haraka ya hapa ndiyo huleta marudio.

Kichwa cha difu kinachotoka kwa mbele ni kizito kiasi cha kuvunja mguu. Weka jeki chini yake. Plagi zinahitaji washa mpya ya shaba au alumini, au kiziba-nyuzi kama nyuzi zake ni za kuchongoka. Plagi ya kuchongoka ikikazwa kwa nguvu zote hupasua kasha.

Ya kumwagia kwa kawaida ina sumaku. Tope la kijivu laini kama grisi juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino au beringi, na hapo sili si tatizo lako tena.

Oili: lebo inajibu maswali mawili

Kosa kubwa katika oili ya gia ni kuchanganya daraja la kazi na uzito. GL-4 na GL-5 ni daraja la API (taasisi ya petroli ya Marekani), linaloeleza ulinzi dhidi ya kusagana. 75W-90 au 85W-140 ni mnato kwa kipimo cha SAE (chama cha wahandisi wa magari), unaoeleza wepesi wa kutiririka. Oili inaweza kuwa nzito na bado dhaifu.

Difu za sasa hutumia meno ya haipoidi, ambayo magari yalianza kuyapata miaka ya 1920. Pinioni imeshushwa chini ya mstari wa katikati wa krauni, na hilo liliruhusu propela shafti na sakafu ya gari kushuka. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu. Yanateleza moja juu ya jingine kwa shinikizo kubwa, kiasi kwamba utando wa oili hukatika na chuma kugusa chuma. Viongezi vya salfa na fosforasi katika GL-5 huitikia joto la mguso huo na kuunda tabaka jembamba linalotolewa mhanga badala ya chuma. GL-4 ina takriban nusu ya viongezi hivyo. Ukiiweka kwenye difu ya haipoidi, meno hukwaruzika hata kama oili ni nzito namna gani.

Kinyume chake nacho kina madhara. Giaboksi ya mkono inayotaka GL-4 ikipewa GL-5, pete za shaba za sinkronaiza (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) zinaweza kuliwa na salfa, na utelezi uliozidi huzifanya zishindwe kushika, gia zikaingia kwa kukwaruza. Kwa hiyo debe moja la oili kwa gari zima si uchumi. GL-1, GL-2, GL-3 na GL-6 ni madaraja yaliyoachwa. Ukiona lebo inajivunia GL-6, fahamu kuwa hakuna kipimo hai nyuma yake.

Tuje kwenye namba. Ile yenye W ni tabia ya oili kwenye baridi: 75W lazima iweze kutiririka katika nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W katika 26 chini ya sifuri, 85W katika 12 chini ya sifuri. Namba ya pili ni mnato katika nyuzi 100: 90 iko kati ya sentistoku (kipimo cha mnato) 13.5 na 18.5, 110 ni 18.5 hadi 24, na 140 ni 24 hadi 32.5. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2005, 90 ilienda hadi 24 na 140 hadi 41, hivyo kitabu cha gari la zamani kinachosema 90 tu kilikuwa kikizungumzia eneo pana kuliko la leo.

Usitishwe na ukubwa wa namba. Kipimo cha gia si kile cha injini: oili ya gia ya 90 ina mnato sawa na oili ya injini ya 40 hadi 50.

Wengi wako sawa na 75W-90 au 80W-90 ya GL-5, kama kitabu kinavyosema. Pale baridi kali haifiki, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo, ila 75W-90 nyingi ni za sintetiki na hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi. 85W-140 au 75W-140 ni ya mizigo mizito na joto la kudumu, pale mtengenezaji anapoitaja. Kuimimina ili kuzuia uvujaji ni kujidanganya: sili iliyopasuka huvujisha 140 pia, polepole kidogo tu, huku asubuhi oili ile ikikawia kufika kwenye ule mfereji wa beringi za pinioni, na krauni ikipoteza nguvu kuikoroga. Dawa za kuziba uvujaji hulainisha na kuvimbisha mpira. Zinaweza kusaidia sili iliyokauka kwa muda, haziwezi kitu kwa sili iliyochanika au flenji iliyolika.

Difu yenye kizuizi cha kuteleza cha sahani za klachi, maarufu kama LSD, huhitaji oili iliyoandikwa LS au chupa ndogo ya kirekebisha msuguano. Isipopata, gari hutetemeka na kunguruma kwenye kona za polepole. Aina za gia za ond, kama Torsen, kwa kawaida hazikihitaji.

Kujaza na kurudi kuangalia

Gari dogo au pikapu huchukua lita 1.2 hadi 3. Malori makubwa huweza kuzidi 10. Jaza kwa pampu ya mkono au mpira na faneli, gari likiwa sawa, mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu. Wako watengenezaji wanaotaka kiwango kiwe milimita kadhaa chini ya ukingo. Toyota, kwa mfano, huruhusu 0 hadi 5. Ingiza kidole na ukikunje ndani uone. Subiri dakika 10, maana oili inaingia kwenye mirija ya ekseli, kisha ongeza.

Endesha kilomita 15 na uweke mkono karibu na pua ya difu. Joto ni kawaida. Ikiwa huwezi kuigusa hata sekunde moja, au kuna mlio mpya unaobadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, mkazo wa pinioni umepita. Simama hapo hapo, usiendelee na safari. Ikiwa yote ni shwari, angalia tena kiwango difu ikipoa, na tena baada ya kilomita 500.

Baada ya hapo, kwa gari linalobeba mizigo au kupita vumbi, badilisha oili kila kilomita 40,000 hadi 50,000. Gari lililopita majini halisubiri kilomita: fungua plagi siku inayofuata, na oili ikiwa imegeuka rangi ya maziwa machafu, imwage yote, kwa sababu maji hayo yanaanza kutoboa vidoa vya kutu kwenye beringi ndani ya siku chache tu.